Jiwe la Databukwe na Chujio la Chai

Mwenzangu uliyeoa, nawe uliyeolewa, nikuulize: umewahi kukaa nyumba moja na baba mkwe mwenye jiwe la figo? Kama hujawahi, mshukuru Mungu. Kama umewahi, vuta kiti tuketi, maana haya nitakayokusimulia utakuwa unayajua nusu yake kabla sijafungua mdomo.

Sisi tunakaa Gitega, mtaa wa Nyamugari, nyumba ya vyumba vitatu yenye ua na bustani ndogo ya lengalenga. Mke wangu kwao ni Muyinga, na kwa kuwa kila jambo la nyumba hii lazima lipite mezani kwake kwanza, watoto wamempa cheo cha Waziri. Mama yake ni Gavana. Binti yetu mkubwa, anayesoma lise na kuamini kwamba neno la mtu mzima halikubaliki bila ushahidi, ni Profesa. Kitinda mimba, ambaye hashiki usingizi bila kikombe cha maziwa, ni Ndama. Yuko shangazi yake Waziri, mwenye simu mbili na habari za komini nzima, tunamwita Redio. Yuko shemeji yangu, Mafuta, mwenye gari aina ya Probox, ambaye kwa miaka hii ya uhaba wa petroli ameshinda kwenye foleni za vituo kuliko barabarani. Na yuko baba mkwe, mzee tunayempenda na kumwogopa kwa kipimo kimoja. Mbele yake ni Databukwe, tena kwa mikono miwili. Nyuma yake ni Babu Chumvi.

Jina hilo amelitolea jasho. Databukwe hutia chumvi kwanza, ndipo aonje. Maharage chumvi, mayai chumvi, parachichi chumvi, hata embe bichi la watoto hulivizia na kulinyunyizia. Miaka mingi alishinda Kobero, mpakani na Tanzania, akihangaikia karatasi za malori. Kazi ile ilimzoeza kula saa yoyote na kunywa kwa nadra. Foleni ndefu, choo mbali, dereva anakusubiri na muhuri hujaupata, kwa hiyo maji unayaacha. Mchana brosheti ya mbuzi iliyokolea chumvi na pilipili, na soda baridi ya kuteremshia. Jioni, brosheti nyingine. Kazi aliistaafu, lakini mlo wa mpakani akarudi nao nyumbani.

Na nyumbani kwenyewe ni milimani. Gitega iko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga imeizidi kidogo. Hewa ni ya baridi, jasho hulioni, kiu haikuiti kwa nguvu. Mtu wa Bujumbura, kule chini ziwani, joto linamkumbusha maji kila saa. Huku kwetu unaweza kumaliza siku nzima ya kiangazi, vumbi linapeperuka, midomo imekauka, nawe umekunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi na kusahau habari ya maji hadi magharibi. Mwili unapoteza maji vilevile. Mkojo unakuwa mchache na mzito, na yale madini yaliyomo, yakikosa maji ya kuyabeba, huanza kushikana.

Kwa Databukwe yalishikana usiku, mwezi wa saba, kule Muyinga. Redio alitupigia saa nane. Maumivu yalianzia ubavuni nyuma, chini ya mbavu, yakateremka mpaka kinenani, yakapoa, yakarudi mara mbili. Mzee hakuweza kukaa, hakuweza kulala, hakuweza kusimama, alizunguka ua akiushika ubavu, akamtapikia jogoo. Gavana, aliyezaa watoto tisa palepale Muyinga bila mtu kupigiwa simu hata mara moja, alisimama mlangoni na taa akamtazama. Akasema, "Leo na wewe umefika nilikokuwa nikienda peke yangu." Kisha akaanza kulia, akamfunga kitenge kiunoni, akamwamsha Mafuta, na kwa bahati siku hiyo gari lilikuwa na petroli.

Hospitalini walimpiga ekografi. Jiwe lilikuwa limeshatoka kwenye figo, limekwama katika mrija unaoteremka kwenye kibofu, na halikufika milimita 5. Daktari alisema ukubwa huo mara nyingi hutoka wenyewe. Akampa dawa ya maumivu, akamwamuru anywe maji mengi, achuje mkojo wake wote ili jiwe likitoka liokotwe, na akisikia homa au baridi ya kutetemeka arudi saa hiyohiyo. Mambo manne, hakuna zaidi. Waziri, alipoyasikia kwa simu, akaongeza la tano: baba yake atauguliwa Gitega, mbele ya macho yake.

Basi wakaja. Kutoka Muyinga kwa njia ya Karuzi si mbali, lakini mgonjwa aliyeamriwa kunywa maji hulisimamisha gari kila kilima. Ndani ya ile Probox walikuwemo Databukwe, Gavana, Redio, gunia la maharage, mkungu wa ndizi, kuku mmoja aliyekuwa bado anabishana na kamba yake, na furushi la majani ya umubirizi, dawa ya kienyeji aliyoichuma Redio. Mwenzangu, unaujua ukwe wetu wa Burundi. Mimi sipiti ukumbini na fulana ya ndani Gavana akiwepo. Gavana hali mbele ya mkwewe. Databukwe hali bila Gavana kuhakikisha kilichomo sahanini. Ikabidi tule kwa zamu, nami zamu yangu ikawa ya mwisho, baada ya kuku.

Sasa nifike kwenye chujio. Mafuta alitumwa kununua chujio sokoni. Njiani akasikia kuna kituo kimepata petroli, na ukisema petroli mbele ya Mafuta umemaliza mazungumzo yote. Hakurudi mpaka usiku. Databukwe akahitaji kwenda msalani, na Gavana, mama asiyengoja soko lifunguliwe, akaingia jikoni gizani akachukua kilichoning'inia ukutani. Asubuhi Waziri alitafuta chujio lake la chai, lile la chuma alilopewa harusini. Aliyejua lilipo ni Redio, na aliyetangaza ni Redio. Yaliyosemwa hapo siyarudii. Siku ile tulikunywa chai yenye majani, kila mtu anameza na kutafuna kimya, na lile chujio likapata msumari wake mpya msalani, mali ya Databukwe moja kwa moja.

Lakini lilifanya kazi yake. Alfajiri moja baada ya swala mzee aliita nyumba nzima. Mkononi alikuwa na kitu cha kahawia chenye ncha, kidogo mno. Aliudhika. Aliligeuza jiwe kwenye mwanga wa dirisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kama ni hiki kweli kilichomtapisha mbele ya majirani. Redio akalipiga picha, na kabla ya staftahi lilikuwa limeshaonekana Muyinga, Kigoma na Brussels.

Tulilipeleka kwa daktari hapa Gitega. Akalitazama, akatueleza kwamba mawe mengi ya figo duniani, kiasi cha 7 au 8 kati ya 10, ni ya kalsiamu iliyoungana na oksaleti, na hili lina sura hiyo. Oksaleti ni kitu kilichomo kwenye majani mengi ya kijani, kwenye karanga, viazi vitamu, kakao na chai. Akaongeza jambo lililotunyamazisha: mtu aliyetoa jiwe moja, karibu nusu ya uwezekano ni kwamba litarudi ndani ya miaka 10, asipobadili namna anavyokunywa na anavyokula.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Gavana alikuwa amesikia neno moja tu, kalsiamu, na anajua kalsiamu iko wapi, maana ndivyo alivyoambiwa kliniki alipokuwa na mimba. Kabla ya adhuhuri maziwa yalipigwa marufuku nyumbani kwangu. Maziwa ya chai yakaondoka. Maziwa mgando ya Waziri yakapewa jirani. Ndama alipokosa kikombe chake cha jioni alilia kilio kilichovuka ukuta, majirani wakaja kuuliza ni nani amefariki. Mimi nilikuwa na maoni yangu, lakini katika nyumba yenye Gavana na Waziri, mwenye hati ya kiwanja hapigi kura.

Aliyesimama ni Profesa. Alikuwa amekesha na simu. Akatuambia kwamba zamani hata madaktari walifikiri hivyo, kwamba mwenye jiwe la kalsiamu anyimwe maziwa, mpaka mwaka 1993, Gary Curhan na wenzake wa Harvard walipotoa matokeo ya wanaume zaidi ya 45,000 waliofuatiliwa miaka 4. Waliokula kalsiamu nyingi zaidi katika chakula walipata mawe machache kuliko waliokula kidogo, pungufu ya karibu theluthi moja. Mwaka 2002 Waitaliano wakamaliza ubishi. Loris Borghi na wenzake wa Parma waliwagawa wanaume 120 ambao mawe yalikuwa yakiwarudia. Nusu walinyimwa maziwa na jibini. Nusu waliachiwa kalsiamu ya kawaida, wakapunguziwa chumvi na nyama. Baada ya miaka 5, jiwe liliwarudia 23 kati ya 60 wa kundi la kwanza, na 12 kati ya 60 wa kundi la pili.

Gavana aliuliza inawezekanaje. Profesa akamweleza kwamba oksaleti na kalsiamu ni wachumba: wakikutana tumboni, mbele ya watu, huondoka pamoja kwa mlango wa nyuma na mambo yanaishia msalani, lakini kalsiamu isipokuwepo mezani, oksaleti huingia kwenye damu peke yake, humkuta mchumba wake figoni, mahali pa siri, na huko ndiko wanakojenga. Gavana alijifunika uso kwa mtandio, akasema mambo haya hayasemwi mbele ya mkwe. Lakini alielewa. Jioni maziwa yalirudi, na Ndama alilala.

Marufuku ya maziwa ilipokufa, ikazaliwa ya lengalenga, maana majani haya yana oksaleti nyingi, hilo ni kweli. Redio alikuwa ameshaanza kung'oa bustani. Mwenzangu, hapa niliumia, kwa sababu bustani ile ndiyo inayotulisha mwisho wa mwezi, mshahara unapokuwa umekwisha na mwezi bado. Na kuna jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila kuambiwa na Harvard. Lengalenga huchemshwa kwanza, na yale maji hutolewa kabla ya kuungwa. Maji yale huondoka na sehemu kubwa ya oksaleti, hasa ile inayoyeyuka. Kisha tunaunga na ndagala, wale samaki wadogo wa Tanganyika, wanaoliwa na mifupa yao yote, na mifupa ni kalsiamu. Kikombe cha maziwa mgando kando, na mlo umekamilika. Wazazi wetu waliuandaa mlo huo vizuri. Sisi tuliosoma ndio tulioanza kuruka hatua, tunakaanga majani mabichi haraka kwa sababu mkaa umepanda bei, na ndagala tunawaacha kwa sababu nao wamepanda. Daktari hakumkataza Databukwe lengalenga. Alimkataza kula lundo la majani hayo kila siku bila kitu kingine, na kushinda anatafuna karanga kwa kilo, tabia aliyoipata tangu aache kufanya kazi.

Adui mkubwa alikuwa kwenye kopo la chumvi. Figo linapotoa chumvi iliyozidi, kalsiamu nayo hutoka pamoja nayo kwenye mkojo, kwa hiyo kila kijiko unachoongeza mezani unawaongezea wale wachumba nafasi ya kukutana. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu ile ya kwenye sufuria, ya mkate, ya samaki mkavu na ya vile vidonge vya supu ambavyo jikoni kwetu vilikuwa vikitumbukizwa viwili viwili. Databukwe peke yake alikuwa akizimaliza zile gramu 5 kabla ya saa nne asubuhi. Waziri akaliondoa kopo mezani. Mzee akaanza kutembea na chumvi mfukoni mwa koti, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ndama akamwona, na Ndama hana siri. Kukawa na kikao. Nakuambia kweli, niliona uchungu kumtazama mtu mzima wa miaka ile anatoa kipande cha gazeti mfukoni mbele ya binti yake na kukiweka mezani bila neno. Gavana ndiye aliyeokoa jahazi. Alianza kumpikia kwa limau, vitunguu saumu, tangawizi na nyanya nyingi, akamwambia, "Onja kwanza. Kama haina ladha, nitakuletea chumvi mwenyewe." Akaonja. Hakuomba. Limau lenyewe, kumbe, lina sitrati, na sitrati huishika kalsiamu ndani ya mkojo isipate kuganda, kwa hiyo lilitusaidia mara mbili.

Mafuta alikuwa na imani yake, kwamba mgonjwa hapati nguvu bila nyama. Kila alipopita alificha brosheti kwenye koti. Nyama nyingi huufanya mkojo uwe na asidi na kupunguza ile sitrati, tena huongeza asidi ya yurika, ambayo nayo ina mawe yake. Hatukumwondolea mzee nyama kabisa, lakini ilirudi kuwa nyama ya siku maalumu, na maharage yakapanda kiti chake. Databukwe alinung'unika kwamba amefanya kazi miaka yote hiyo ili aachane na maharage. Namwelewa. Wengi wetu huhesabu maendeleo kwa sahani. Lakini wapo madaktari wawili, Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliofanya kazi Mulago kule Kampala, walioshangaa kwamba magonjwa mengi yaliyojaza hospitali za kwao Uingereza hawakuyaona kwa wanakijiji wa Uganda waliokula nafaka, maharage, ndizi na majani. Mwaka 1981 walihariri kitabu kizima juu ya magonjwa hayo ya maisha ya Kizungu, na jiwe la figo limo. Mlo ule tunaoukimbia ndio waliotamani watu wao waurudie.

Na Wazungu wenyewe wameshaanza kuurudia kwa jina jingine. Marekani wana mpango wa mlo unaoitwa DASH, uliojaribiwa miaka ya 1990 kwa ajili ya shinikizo la damu: matunda, mboga, maharage na kunde, nafaka zisizokobolewa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, chumvi kidogo, soda kidogo, nyama nyekundu kidogo. Mwaka 2009 Eric Taylor, Curhan yuleyule na mwenzao waliangalia makundi matatu makubwa ya wanaume na wanawake. Waliokula karibu zaidi na mpango huo walipata mawe pungufu kwa asilimia 40 hadi 45. Profesa alituonyesha orodha ya vyakula hivyo, na Waziri akaisoma mara mbili, akatazama sufuria yake. Tulikuwa na karibu vyote uani na sokoni. Kilichokuwa kimeingia kati ni chumvi, soda na brosheti.

Nilisema picha ya jiwe ilifika Brussels. Huko yupo shemeji mwingine, mwenye moyo mkubwa na kasha la dawa kubwa zaidi. Alituma kwa mtu anayekuja likizo vidonge vya vitamini C vya gramu 1, vile vya kuchemka ndani ya maji, vya miezi. Databukwe alivipenda kwa sababu vinafanana na soda. Mwili hugeuza sehemu ya vitamini C kuwa oksaleti, na utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 2013 uliona wanaume waliomeza vidonge vya namna hiyo wakipata mawe karibu mara mbili ya wasiovimeza. Chungwa halina neno, marakuja haina neno. Ni kile kidonge. Vilipelekwa juu ya kabati, na Brussels tukamshukuru kwa moyo wote bila kumweleza.

Umubirizi wa Redio ulikuwa mtihani mgumu, kwa sababu dawa ya majani ukiikataa umemkataa aliyeichuma. Daktari alitusihi tusichanganye na dawa alizompa. Waziri aliupanda mche mmoja mbele ya nyumba kwa heshima zote, na Redio akaridhika.

Lakini yote haya ni madogo mbele ya maji. Borghi huyohuyo, mwaka 1996, alichukua watu 199 waliopata jiwe mara ya kwanza. Kundi moja waliambiwa tu wanywe maji mengi, kiasi cha kutoa mkojo lita 2 kwa siku. Kundi la pili hawakuambiwa kitu. Baada ya miaka 5 jiwe liliwarudia asilimia 12 ya wanywaji na asilimia 27 ya wengine. Maji matupu, mwenzangu. Hayauzwi duka la dawa.

Ila maji ya kunywa, kwa nyumba yenye watu tisa na bomba linalokauka, ni kazi. Kuna madumu ya kujaza usiku maji yakija, kuna mkaa wa kuyachemsha, kuna kuyapoza, na kuna kumshawishi mzee ambaye anaona maji ni ya kuogea. Tulimkabidhi Ndama kazi hiyo. Kila baada ya kipindi alimpelekea babu yake kikombe, akasimama mbele yake mikono nyuma mpaka kiishe, kisha akamfuata kwenda kuuliza rangi. Rangi ni kipimo kizuri kabisa: ukiona mkojo ni wa manjano mpauko, umekunywa vya kutosha, na ukikolea, rudi kwenye kikombe. Usiku mlango wa ua uliimba mpaka asubuhi. Ramadhani ilipofika Databukwe alitaka kufunga. Alimuuliza daktari kwanza, akaruhusiwa, kwa sharti kwamba kati ya futari na daku anywe kidogo kidogo mfululizo, asingoje kujaza tumbo mara moja wakati wa daku. Ndama alikesha naye.

Chai na kahawa hatukumnyima, na hilo lilileta amani. Mwaka 2013 Pietro Manuel Ferraro na wenzake walilinganisha vinywaji kwa watu karibu 200,000 wa Marekani. Wanywaji wa kahawa na chai walipata mawe machache zaidi. Wanywaji wa kola yenye sukari, kila siku, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 23 kuliko walioinywa chini ya mara moja kwa wiki, na wa soda nyingine zenye sukari kwa asilimia 33.

Nawe unajua soda ni nini Burundi. Ni heshima. Mgeni akiketi bila Fanta mbele yake, mwenyeji ameaibika. Kwa hiyo ilipokuja harusi ya mjukuu kule Muyinga, sote tulikuwa na hofu. Databukwe aliketishwa mbele, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, makreti yamepangwa hadi dirishani. Kijana akamfungulia chupa. Mzee akainua kiganja akasema, "Niletee maji, mwanangu." Ukumbi ulinyamaza. Baba wa bwana harusi alikuja mbio, ameinama, akiuliza kosa limetokea wapi. Redio alishika kichwa. Databukwe akamvuta karibu, akatoa kutoka mfukoni, palepale pa ile chumvi, kikopo kidogo cha plastiki, na ndani yake jiwe. Alilizungusha meza nzima. Wazee walilitazama mmoja mmoja, wakalirudisha kwa adabu. Mmoja, aliyewahi kufanya naye kazi Kobero, alisukuma chupa yake kando akaomba maji naye, na baadaye faraghani akaniuliza ule ubavu wake unaomsumbua ni wa nini. Tulimpeleka kupimwa wiki ileile.

Databukwe yuko kwake Muyinga. Anakula maharage, lengalenga lililochemshwa, ndagala, maziwa mgando na machungwa. Brosheti ni ya sikukuu. Ekografi ya mwisho haikuona jiwe jipya. Chujio halikurudi jikoni, na Waziri bado hajanunua jingine, kwa sababu anasubiri Mafuta alilipe.

Nawe, mwenzangu, wape wazee wako maji leo, hasa wale wa milimani wasiosikia kiu. Mtu wa kwako akishikwa na maumivu ya ubavu hivi yakiambatana na homa au kutetemeka, au mkojo ukakata kabisa, usimpe majani wala usingoje kukuche. Hiyo ni dalili kwamba huenda njia imeziba na figo limeingiwa na wadudu, na figo la namna hiyo linaweza kumuua mtu. Mpeleke hospitali usiku huohuo.